Kazi Ilipotutafuta

Sisi tuliohitimu ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hatukuujua usaili. Majina yalibandikwa ukutani, ukatafuta lako, na mbele yake ukakuta mkoa ambao pengine hujapata kuuona. Ukapewa waranti ya usafiri, ukafunga sanduku, ukaenda. Kazi ndiyo iliyokutafuta. Ndugu yetu wa Lupaso, hapa hapa Masasi, Benjamin Mkapa, alihitimu Makerere mwaka 1962 na mwaka huohuo akawa ofisa tawala Dodoma. Nchi changa haikuwa na nafasi ya kuchagua sana.

Azimio la Musoma la 1974 likazidisha haja ya walimu. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba mwaka uleule Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mwalimu aliitwa kwa mikono miwili. Mtunga programu hakuwa na mlango wa kubisha.

Leo wote wawili wamo katika foleni moja. Miaka ya 1990 ajira ya uhakika kwa wasomi ilikwisha. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Walimu walisalimika muda mrefu, lakini Januari 2025 nao wakaanza kusailiwa.

Binti wa jirani yangu hapa Mkomaindo alisomea uhandisi wa programu Chuo Kikuu cha Dodoma. Taasisi moja ilimwita huko Dodoma kwa mchujo wa maandishi, kisha vitendo, kisha ana kwa ana. Tangazo lilisema, kama yasemavyo karibu yote, kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Ilikuwa Aprili. Msomaji wa huku anajua maana yake: fedha za korosho za msimu uliopita zimekwisha, za msimu ujao bado ni maua ambayo hayajachanua. Baba yake aliuza mbuzi wawili.

Kufika kwenye vitendo, kompyuta hazikutosha, wakaambiwa waandike programu kwa kalamu. Aliporudi alinieleza, “Shikamoo mwalimu. Unajua, karatasi haikuambii umekosea wapi. Kompyuta ingeniambia palepale, nikasahihisha.”

Marekani nako wana desturi ya kumwandikisha mtu programu ubaoni, mbele ya wasaili. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetunga Homebrew, programu iliyotumiwa na wahandisi wengi, alilalamika hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu ya swali la namna hiyo.

Chuoni kwetu tulimpima mwalimu mwanafunzi kwa kukaa kiti cha nyuma, dakika 40, tukimtazama akifundisha watoto halisi. Mwenye insha nzuri kuhusu kufundisha aliweza kushindwa na kelele za darasa la tatu, na mwenye mwandiko mbaya akawatuliza kwa neno moja. Sioni kwa nini mtunga programu apimwe kwa kile asichokifanya kazini. Wingi wa waombaji naukubali kuwa sababu ya mchujo. Lakini waliofika vitendo hawakuzidi ishirini.

Hakupata. Sasa ameitwa kwingine, na mara hii mchujo uko Mtwara mjini. Nauli ya huko anaimudu mwenyewe, kwa vijisenti vya kutengeneza simu za watu pale sokoni.