Kupoza, si Kupooza

Vingunguti, njia ya machinjioni, kuna fundi friji ambaye ukimwambia friji la bucha "halitoi baridi" anakusahihisha. Anaweka kiganja nyuma, penye kompresa, kisha: "Bosi, baridi haitengenezwi. Joto ndilo linatolewa nje." Sijapata maelezo mazuri zaidi ya neno kupoza.

Neno lenyewe lina kazi nyingi. Shirika la umeme nalo lina vituo vya kupoza umeme, kama cha Kipawa hapo jirani, ambako hakuna kinachopoa: msongo hushushwa kutoka kilovolti 132 hadi 33. Magazeti huandika "kupooza", kana kwamba umeme umepatwa na kiharusi. Sasa limeingia kwenye vyumba vya kuhifadhia data, na huko linarudi kwenye maana ya fundi wetu.

Diski moja kubwa ya ofisini, inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, hula takriban wati 10. Karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Panga diski 1,000 na umewasha pasi kumi za umeme, usiku na mchana, ndani ya chumba kilichofungwa. Wahandisi wa viyoyozi hupendekeza hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Dar es Salaam mwezi Februari hewa ya nje huvuka 30, tena imebeba unyevu, kwa hiyo kufungua dirisha si jibu. Viyoyozi vinaunguruma, navyo vinakula umeme wao.

Hapo ndipo inapoingia istilahi ya PUE (power usage effectiveness), iliyoenezwa na umoja wa Green Grid tangu 2007. Chukua umeme wote wa jengo, ugawe kwa umeme wa kompyuta peke yake. Ukipata 1.6, diski zilizokula uniti 240 kwa siku zinakuletea bili ya uniti 384. Google hutangaza wastani wa 1.1 hivi, vituo vingi duniani viko kwenye 1.5 na zaidi.

Ukikifuata Kiingereza neno kwa neno, utaandika "ufanisi wa matumizi ya umeme". Silipendi. Ufanisi ukipanda watu hupongezana. PUE ikipanda, mhasibu anashika kichwa. Kosa ni la Kiingereza chenyewe, na hatuna sababu ya kulirithi. Naona "kizidishi cha umeme" kinafaa zaidi, neno la hesabu za shule ya msingi: kila wati ya diski izidishe kwa hicho, upate unacholipia.

Na kizidishi hakichagui. Faili la mishahara la leo na nakala tano za tangazo la mkutano wa miaka kumi iliyopita vyote vinazidishwa sawasawa, maadamu diski inazunguka. Ndiyo maana tepu za sumaku bado zinanunuliwa: tepu ikishachomolewa kwenye mashine na kuwekwa rafuni haili umeme, ingawa chumba chake lazima kibaki kikavu.