Namna ya kulaza tronsoneze mu miezi ya mvua

Mu Kamina na vijiji vya karibu, mvua inaanza kwa kawaida mwezi wa 10 na kuendelea mpaka mwezi wa 4. Njia za pori zinajaa matope, kamio zinapita kwa shida, na wapasua mbao wengi wanarudia mashamba. Tronsoneze nayo inatupwa kwenye kona ya nyumba. Kiangazi kikirudi, mwenye mashini anavuta kamba mpaka mkono unachoka, moteri haiwake. Mara nyingi mashini hiyo haikuharibikia kazini, iliharibika ikiwa imelala. Na kipuri kidogo tu kinaweza kungojewa kutoka Lubumbashi, huku chakula cha nyumba kimesimama.

Adui wa kwanza ni esansi yenye kubakia ndani. Tronsoneze inakunywa esansi iliyochanganywa na mafuta. Ikikaa sana, esansi inapotea mu hewa, mafuta yanabakia na kunata. Ndani ya karbirateri muna ngozi nyembamba, membrani, yenye kupitisha esansi. Ikinata ao ikikauka, moteri haipate chakula. Basi, kama mashini itapumzika zaidi ya mwezi moja, fanya hivi:

1. Ngoja moteri ipoe. Toka inje, mbali na moto na sigara, mwaga esansi yote mu bidoni yenye kufungika. Usiitie hata kidogo mu taa ya petroli: inaweza kulipuka.

2. Washa moteri, uiache izunguke mpaka ijizimie yenyewe. Hapo karbirateri imebakia tupu.

3. Toa shene na chuma yenye kuibeba. Kwangua unga wa mbao kwenye mfereji wa ile chuma, pangusa, kisha pakaa mafuta safi ya moteri. Shene ilaze mu kopo yenye mafuta. Usitumie mafuta ya mawese: yanaganda na kunata.

4. Safisha mapezi ya silinda kwa brosi, maana vumbi ikijaa pale moteri haipoe. Filtri ya hewa uigonge polepole mpaka unga utoke.

5. Fungua buji, tia matone machache ya mafuta ya tempi mbili mu tundu, vuta kamba polepole mara mbili tatu, halafu rudisha buji. Yale matone yanakinga silinda na kutu.

Sasa fasi ya kuiweka. Usiilaze chini kwenye udongo, wala usiifunge mu plastiki, juu unyevu utabakia ndani. Ifunike na gunia kavu, uiweke juu, fasi yenye kupita hewa na yenye watoto hawafikie. Jikoni hapana, kwa sababu ya moto. Karibu na mbolea ao chumvi pia hapana, vyote viwili vinaleta kutu.

Siku ya kuiamsha, usirudishe mchanganyiko wa mwaka jana. Changanya mpya, wa kutosha kazi ya siku chache. Mashini nyingi za leo zinaomba kipimo cha 1 kwa 50: litre 5 za esansi na mililitre 100 za mafuta ya tempi mbili. Zingine zinaomba 1 kwa 25, ndiyo mililitre 200. Fuata kitabu cha mashini yako, maana mafuta yakipunguka silinda inaungua.

Mbele ya kugusa muti wa kwanza, jaza mafuta ya shene, kaza nati zote, na vuta shene kwa mkono wenye gan, moteri ikiwa imezimwa: inapashwa kuteleza bila kulegea. Mwisho, jaribu freno. Kama shene haisimame mara moja, peleka mashini kwa fundi kwanza. Muti utangoja, mguu wenye kukatwa haurudi.