Faili la Mama na Programu ya Eldoret

Wadau, juzi nilimpeleka mama zahanati moja hapa Mkuyuni. Faili lake halikuonekana! Nikakumbuka historia hii.

Mwaka 2001 kituo cha afya Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria: yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuitumia bure. Mwaka 2006 ikaanza kazi Eldoret. Mwaka 2007 wanafunzi wa vyuo wakaanza kuiandikia vipande vipya kupitia Google Summer of Code, wakipewa posho na kuelekezwa na wazoefu.

Mwanafunzi wa Mwanza naye anaweza kuchangia. Akiandika kitu kizuri, huenda kikafika mpaka zahanati ya mama. Mnasemaje wadau?