Sauti Thelathini kwenye Jozi Mbili za Shaba

Mwaka 1889 Kampuni ya Imperial British East Africa ilianzisha kituo Machakos, na tangu 1892 John Ainsworth akawa msimamizi wake. Kwa miaka kadhaa hapa ndipo yalipokuwa makao ya utawala wa Waingereza katika nchi ya Wakamba. Kisha reli kutoka Mombasa ikapita kwenye tambarare za Kapiti na Athi, ikauacha mji upande wa pili wa vilima, ikafika Nairobi mwaka 1899. Ainsworth akahamia huko. Waya wa simu ulifuata reli, hivyo mji ulioikosa reli uliikosa pia njia kuu ya mawasiliano, na tangu hapo kuzungumza na ulimwengu kulitaka kupitia Nairobi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, simu za Kenya zilibaki chini ya Shirika la Posta na Simu. Mtu wa Nairobi aliyetaka Machakos alianza na 0145. Ofisi yenye laini tano ilikuwa na jozi tano za waya hadi kituo cha simu cha mji, na mtu wa sita kupiga alikuta laini zote zina watu. Simu iliyoingia ilipokelewa na opereta wa swichibodi. Yeye ndiye aliyejua daktari yuko wadi gani na mhasibu ametoka saa ngapi. Kuongeza laini ya sita kulimaanisha kuomba na kungoja, na wengi walingoja sana.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imefikiriwa zamani. Mwaka 1937 Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alipendekeza sauti ipimwe mara nyingi kila sekunde na kila kipimo kitumwe kama tarakimu. Vifaa vya siku zile havikuweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ya maana. Mwaka 1962 kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kuitumia, ikipitisha mazungumzo 24 kwenye jozi mbili za waya. Ulaya ilichagua 30, na Kenya ikafuata Ulaya. Sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, yaani biti 64,000 kwa sekunde kwa kila mzungumzaji. Nafasi zote ni 32, mithili ya basi la viti 32: kiti namba 0 ni cha dereva, anayeshika mwendo, na namba 16 ni cha kondakta, anayejua nani anapanda na nani anashuka. Abiria ni 30.

Katika ISDN, mtandao wa simu wa kidijitali ambao mashirika ya simu ya Ulaya yalikubaliana mwaka 1989 kuuweka kwa namna moja, kondakta huyo hubeba ujumbe kamili: namba inayopiga, namba inayopigiwa, wakati wa kukata. Kwa hiyo ofisi inaweza kupewa namba mia moja juu ya njia 30, na mpigaji akafika moja kwa moja kwenye meza ya mhasibu bila kumpitia opereta. Naona hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote, na ndiyo yaliyopunguza kazi ya opereta.

Laini hiyo ya njia 30 huingia kwenye swichibodi kupitia kadi. Fundi anapoichomeka kadi hiyo, huanza kwa kutazama taa zake. Nyekundu ikiwaka, kadi haipokei kitu: mara nyingi jozi ya kutuma na ya kupokea zimebadilishana. Ya njano ikiwaka, upande wa pili ndio unaolalamika kwamba hausikii. Kisha huuliza kampuni ya simu kama ukaguzi wa makosa uitwao CRC-4 umewashwa au umezimwa, kwa sababu pande mbili zisipolingana hapo, laini haitulii. Jambo linalowatesa wengi zaidi ni saa. Swichibodi ikiachwa ihesabu kwa saa yake badala ya kuifuata ya mtandao, taa zote zitakuwa kijani na simu zitaita vizuri, lakini kila baada ya muda fremu moja itapotea au kurudiwa. Anayezungumza husikia kijimlio tu asikijali. Faksi ndiyo hukatika katikati ya ukurasa, na fundi asiyeijua siri hii hubadilisha mashine ya faksi bure.

Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1999, Telkom Kenya ikarithi laini. Wezi wa shaba wakazikata nyaya, simu za mkononi zikawachukua wateja, na mwaka 2009 mikonga ya baharini ilipofika Mombasa intaneti ikaanza kubeba sauti pia. Ofisi inayofunga swichibodi mpya leo huenda isinunue kadi kabisa. Simu huingia kwa waya uleule wa kompyuta. Hata hivyo, kwenye orodha ya mipangilio ya mashine hizo mpya kuna mstari ulioandikwa G.711, na chini yake machaguo mawili, la Marekani na la Ulaya. Fundi wa Machakos huchagua la Ulaya: vipimo 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila kimoja.