Mbwene: Kitenzi Kilichokataa Sheria

Anayejifunza Kihispania hugongana mapema na neno fui. Lina maana mbili: "nilikwenda" na "nilikuwa". Hakuna sheria ya kulitengeneza, unalimeza kama lilivyo. Wengi hudhani balaa hilo ni la lugha za Ulaya, na kwamba sisi Wabantu vitenzi vyetu vimenyooka. Pwani ya Ziwa Nyasa inatuambia vingine.

William Percival Johnson, mmisionari Mwanglikana, alifika Zanzibar mwaka 1876 kufanya kazi chini ya Askofu Edward Steere. Steere alikuwa ameshachapisha kitabu kidogo cha Kiyao mwaka 1871. Johnson akaenda kuishi Mwembe, kwa chifu Mataka, katika Msumbiji ya leo, kisha akateremkia ziwani. Akazeeka humo, macho yakififia, akitoka kijiji hadi kijiji. Alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga.

Kiyao kina namna ya wakati uliopita inayoishia na -ile. Kusuma, yaani kununua, huwa -sumile. Rahisi. Sasa chukua kuona. Mgeni atasema -onile, na atakosea. Wayao husema -weni.

Je, ni ukaidi tu? Hapana. Zamani sana sauti ya l ilidondoka katika -onile, irabu zikakutana, zikakunjana. Ushahidi upo kaskazini mwa ziwa hilo hilo: Mnyakyusa wa Kyela akitaka kusema "nimeona", anasema mbwene. Na sasa shika kiti: mbwene hiyo hiyo, kwa maana hiyo hiyo, imo katika tenzi za kale za Kiswahili cha Lamu. Kiswahili cha kila siku kimeshaitupa -ile, ila washairi waliihifadhi. Lamu na Kyela ni mbali mno kuambukizana neno moja lililopinda vilevile. Ni urithi. Tunachokiita "kisicho cha kawaida" ni sheria ya mababu iliyosahauliwa.

Mtego wa pili ulikuwa ufukweni. Johnson alitafsiri Biblia kwa Kinyanja, na humo -na- ni alama ya wakati uliopita. Anapita, kwa Kinyanja, ni "alikwenda". Kwa Kiswahili, huyo mtu bado yuko njiani! Fikiria umefika na mtumbwi, unamuuliza mwenyeji habari za mtu, unajibiwa "anapita". Utakaa kumsubiri, kumbe mwenzio ameshaondoka. Jedwali la sarufi halikuokoi hapo. Linalookoa ni sikio.

Sisi nasi tusijivune. Mfundishe mgeni nilisoma, nilipika, kisha umpe kula. Atasema "nilila", na utacheka. Tunasema nilikula, lakini nilimla samaki, ile ku imetoweka. Kwa nini? Kwa sababu -la ni fupi mno, haiwezi kusimama peke yake nyuma ya -li-; inaegemea ku mpaka ipate kiambishi cha mtendwa cha kuegemea. Tunafanya hivyo kila siku bila kufundishwa.

Hapo ndipo penye roho ya jambo. Maneno yaliyopinda huwa ni yale ya kila siku: kuona, kula, kwenda, kuwa. Yanadumu kwa kutumika, mtoto akiyasikia mara elfu jikoni kabla hajajua sarufi ni nini. Ukipunguza kusikia huko, yanakosa ulinzi. Leo Mbinga na Nyasa mtoto anafundishwa shuleni kwa Kiswahili, na nyumba nyingi zinakifuata. Kimatengo, Kimpoto na Kimanda vinabaki kwa bibi na babu. Nomino zitaokolewa na kamusi: majina ya samaki, ya miti, ya vilima. Lakini kitenzi kilichopinda hakiokolewi na orodha. Kinataka mtu wa kukisema, na mwingine wa kumjibu.