Kifua kisichosikia dawa za TB: Uvimbe adimu unavyotafutwa na kutibiwa kuanzia Kigoma

Kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi Ujiji, mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili neno la kwanza linalotajwa ni TB. Na ni sahihi kuanzia hapo, maana ugonjwa huo ni wa kawaida, unaambukiza na dawa zake hutolewa bure. Shida inaanza pale makohozi yanapopimwa mara ya kwanza na ya pili bila kuonyesha vijidudu, eksirei ina kivuli, mgonjwa anaanzishiwa dawa kwa kuangalia dalili tu, halafu miezi miwili inapita na kifua kiko vilevile au kimezidi.

Hapo panatakiwa swali jingine: kile kivuli siyo uvimbe?

Uvimbe unaozungumziwa hapa siyo saratani ya mapafu inayohusishwa na sigara. Ni ule unaoota katikati ya mapafu mawili, nyuma ya mfupa wa kidari, mahali penye moyo, bomba la hewa, umio na mishipa mikubwa ya damu. Ni nadra kiasi kwamba mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na kwa sababu hiyo hukosewa kirahisi.

Dalili zinazopishana na TB

Kukohoa, kukonda, homa na jasho la usiku vinaweza kutokea kwenye TB, na vinaweza kutokea kwenye limfoma, yaani saratani ya tezi za kinga. Kwa hiyo dalili hizo peke yake hazitoshi kuamua.

Ziko nyingine zinazotakiwa kumshtua mhudumu. Uso na shingo kuvimba, hasa asubuhi, na mishipa ya kifuani kujitokeza kama kamba: hiyo ni ishara kwamba uvimbe unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Sauti kukauka bila mafua. Chakula kukwama. Kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi.

Halafu kuna kope. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na taa akianza kushindwa kuinua kope, au kuona vitu viwili viwili, nyumbani wataambizana ni usingizi tu. Lakini kope zinazolegea zaidi jioni, pamoja na uchovu wa kutafuna na kumeza, zinaweza kuwa ugonjwa wa misuli uitwao miasthenia gravisi. Kati ya wagonjwa 10 wa aina hiyo, mmoja hivi hukutwa na thaimoma, uvimbe wa tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya kidari. Uhusiano huo ulipata nguvu mwaka 1936, pale daktari Alfred Blalock wa Marekani alipomtoa mwanamke kijana uvimbe wa tezi hiyo na hali ya misuli yake ikawa nafuu.

Kivuli kinasomwaje

Eksirei inaonyesha kwamba kuna kitu. CT scan ndiyo inayoonyesha kiko wapi na kimeshika nini, na mahali kilipo pamoja na umri wa mgonjwa humpa daktari nusu ya jibu. Mbele, kwa mtu wa miaka 40 hadi 60, hufikiriwa thaimoma. Mbele kwa kijana, limfoma au uvimbe wa chembe za uzazi, ukiwemo teratoma, ambao unaweza kukutwa na nywele au hata meno ndani yake (hapana, hajarogwa). Nyuma, karibu na uti wa mgongo, mara nyingi ni uvimbe wa mishipa ya fahamu. Kwa watu wazima mwingi wake siyo saratani, kwa watoto wadogo hofu ni kubwa zaidi. Goita nayo huweza kushuka kutoka shingoni hadi kifuani.

Kwa kijana wa kiume kipo kipimo cha damu ambacho watu hukishangaa: homoni ya hCG, ileile inayopimwa kwa mama mjamzito. Ikiwa juu sana, na kifuani kuna uvimbe, jibu linakuwa limekaribia.

Bado kinyama kinatakiwa kuchukuliwa na kupelekwa maabara ya patholojia. Kama kuna tezi iliyovimba shingoni, kinyama hutolewa hapo kwa ganzi tu, na ni salama kuliko kuingia kifuani. Mgonjwa asiyeweza kulala chali lazima aseme mapema, kwa sababu nusu kaputi inaweza kuufanya uvimbe ukabane bomba la hewa.

Kosa jingine ni kupewa prednisoloni au deksamethasoni ili kutuliza pumzi kabla ya kinyama kuchukuliwa, ilhali hali haijawa ya dharura. Limfoma husinyaa kwa siku kadhaa, mgonjwa anafurahi, kisha inarudi, na maabara inashindwa kuitambua vizuri.

Tiba hazifanani

Thaimoma hukatwa, kwa kawaida kwa kupasua mfupa wa kidari, na mionzi huongezwa pale inapohitajika. Teratoma iliyokomaa nayo hukatwa. Limfoma haikatwi, inatibiwa kwa dawa za saratani, wakati mwingine na mionzi, na wengi wenye aina ya Hodgkin hupona kabisa. Uvimbe mkali wa chembe za uzazi nao huanza na dawa. Kumkimbiza mtu kwenye kisu kabla ya jibu la kinyama kunaweza kumpa kidonda asichokihitaji.

Kwa mkazi wa Kigoma safari huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kutoka hapo rufaa inaweza kuelekea Bugando, Mwanza, yenye huduma za saratani, au Dar es Salaam: Muhimbili kwa upasuaji, Ocean Road kwa dawa na mionzi. Ni mbali, na mgonjwa anayetoka vijiji vya kusini mwa ziwa anaanza na boti kabla hata ya basi. Akifika bila picha anaweza kupigwa upya na kulipa upya. Kwa hiyo abebe filamu au CD ya CT scan, majibu yote ya makohozi, kadi ya TB yenye tarehe alizoanza dawa, na barua ya rufaa.

Dawa za TB zisikatishwe njiani kwa sababu mtu amesikia habari ya uvimbe. Anayeruhusu kuzisimamisha ni daktari, na wapo wanaokutwa na vyote viwili.

Baada ya tiba ufuatiliaji ni mrefu. Thaimoma inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, hivyo mgonjwa hupigwa picha kwa vipindi, na sehemu ya kazi hiyo inaweza kufanyika hospitali ya mkoa iwapo ametoka na ripoti ya upasuaji mkononi.