Istilahi za Saa ya Mkono: Historia Fupi, na Mifano Kutoka Shinyanga na Geita

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa muhtasari historia ya maneno ya Kiswahili yanayohusu saa ya mkono, na hasa saa zile zilizoundwa baina ya mwaka 1957 na mwaka 1972 kwa maumbo yaliyokusudiwa kuonyesha wakati ujao. Leo saa hizo zinatafutwa na wakusanyaji wa nchi nyingi, ambao huzinunua kwa sababu ya historia na umbo lake kuliko haja ya kujua wakati.

Tumechagua kutazama suala hili kutoka Shinyanga na Geita kwa sababu maalumu. Hii ni sehemu ya nchi yetu ambako dhahabu na almasi huchimbwa, hupimwa na kuuzwa. Na baadhi ya saa tunazozizungumzia zilitengenezwa kwa dhahabu. Mahali penye mizani ya dhahabu, saa ya zamani isiyojulikana jina lake hupimwa uzito kama dhahabu chakavu. Kasha lake huyeyushwa, mashine yake hutupwa, na historia yake huishia hapo. Basi hoja yetu ni kwamba istilahi si pambo la kamusi. Kitu chenye jina lililo wazi huweza kuelezwa, kulindwa na kupewa thamani yake; kisichokuwa na jina huthaminiwa kwa uzito tu.

Saa ilivyoingia

Kabla ya kuenea kwa saa, watu wa sehemu hizi walipima siku kwa jua, kwa jogoo na kwa kazi zao za shamba na mifugo. Mambo yalianza kubadilika upesi katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza, ipitayo Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928, na pamoja nayo ikaja ratiba. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Geita mwaka 1898, lakini mgodi mkubwa wa pale ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi mwaka 1966. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui.

Kazi ya mgodini huenda kwa zamu, na zamu haingoji jua. Aidha, jua lenyewe halikubaliani na saa ya nchi. Shinyanga iko magharibi ya Dar es Salaam kwa kiasi ambacho jua la adhuhuri huifikia baadaye kwa dakika zipatazo 23, ijapokuwa saa za miji yote miwili husoma sawasawa. Kwa hiyo anayefuata jua na anayefuata saa hawawezi kufika kazini kwa wakati mmoja. Hapo ndipo saa ilipoacha kuwa pambo la wachache ikawa chombo cha kazi, na maneno yake yakawa ya lazima.

Maneno tuliyoyarithi

Maneno ya saa katika Kiswahili yamekuja kwa tabaka. Saa yenyewe, dakika, na akrabu, yaani mshale wa saa, yana asili ya Kiarabu. Kamani, ule utepe wa chuma uliozongwa ndani unaoiendesha saa, ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Betri limetoka katika Kiingereza. Lakini mshale, uso, jino na ufunguo ni maneno yetu ya Kibantu yaliyopewa kazi mpya.

Neno ufunguo linastahili kutazamwa kwa makini. Saa za kwanza zilihitaji ufunguo hasa, wa chuma, wa kukazia kamani. Baadaye ufunguo ule uliondolewa na mahali pake pakawekwa kifundo cha pembeni, lakini Kiswahili hakikubadilisha usemi: mtu aliendelea kutia saa ufunguo ingawa hakuwa na ufunguo wowote mkononi. Vivyo hivyo tulisema, na bado twasema, kwamba saa inakwenda, saa imesimama, saa haina majira, mtu atie saa yake majira. Haya ni matumizi yaliyokomaa. Fundi saa anayeketi barazani na kioo chake jichoni ana msamiati wa kutosha kwa kila kiungo cha saa ya kamani, na mfasiri anayetafuta istilahi hana budi kuanza kwake kabla ya kufungua kamusi ya kigeni.

Saa za wakati ujao

Tarehe 3 Januari 1957 kampuni ya Hamilton ya Marekani ilitangaza saa ya mkono iliyoitwa Ventura. Ilikuwa saa ya kwanza ya mkono iliyoendeshwa kwa umeme wa betri kuuzwa madukani. Mchoraji wake, Richard Arbib, ambaye alibuni pia maumbo ya magari, aliiacha kabisa duara. Uso wa Ventura ni kama ngao au pembetatu iliyoinamishwa upande, na katikati yake umechorwa mstari wa kuvunjikavunjika mfano wa umeme. Nje ilikuwa kama chombo cha kuruka angani, miezi kadhaa kabla Urusi haijarusha Sputnik mwezi wa Oktoba mwaka huohuo.

Mwaka 1960 kampuni ya Bulova ilileta Accutron, iliyobuniwa na mhandisi Max Hetzel. Ndani yake hamna gurudumu la kwenda na kurudi linalotoa sauti ya tik-tik, bali mna uma mdogo wa chuma unaotetemeka mara 360 kwa sekunde. Saa hiyo huvuma kama mdudu. Aina yake moja, Spaceview, haina uso; mtazamaji huona waya na viungo vya ndani moja kwa moja kupitia kioo.

Hatua mbili zilifuata. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko iliuza Tokyo saa iliyoitwa Astron, ya dhahabu ya karati 18, kwa bei ya yen 450,000. Mapigo yake yaliongozwa na fuwele ya kwatsi. Kwatsi ni jamii ya lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita hulifuata ardhini, kwa kuwa mara nyingi mishipa yake hubeba dhahabu. Kisha mwaka 1972 Hamilton ikauza Pulsar, nayo ya dhahabu ya karati 18, kwa dola 2,100. Pulsar haikuwa na mshale hata mmoja. Uso wake ulikuwa mweusi mtupu, na mtu alipobonyeza kitufe tarakimu nyekundu ziliwaka kwa muda mfupi, kisha zikazimika ili kuokoa betri.

Mshale na tarakimu

Kwa msemaji wa Kiswahili mabadiliko hayo ya mwisho yalikuwa makubwa zaidi ya alivyodhani mwundaji wa saa. Sisi huhesabu saa za mchana tangu macheo na saa za usiku tangu machweo. Mshale mfupi ukielekea tarakimu 10 asubuhi, twasema ni saa nne. Ukielekea 7, twasema ni saa moja. Katika saa ya duara jambo hili halihitaji hesabu. Jicho hutazama upande wa pili wa duara, mkabala na ncha ya mshale, na hapo ndipo saa ya Kiswahili ilipo: 4 inaikabili 10, na 1 inaikabili 7. Kwa njia hii uso wa saa uliotengenezwa Ulaya ulisomeka kwa Kiswahili bila ya kubadilishwa chochote.

Tarakimu za Pulsar hazina upande wa pili. Mbele ya 10:10 msomaji hana pa kupeleka jicho. Lazima atoe sita au aongeze sita kichwani. Walimu wa shule za msingi wanaijua taabu hii, na watumishi wa serikali pia wanaijua, kwani mkutano ulioandikwa 10:00 katika barua ya kigeni hauna budi kuandikwa saa 4:00 asubuhi katika barua ya Kiswahili. Kosa la saa sita katika tafsiri moja huweza kumkosesha mtu safari au shauri lake mahakamani.

Kwa sababu hiyo twaona si vyema kuziita saa hizi zote kwa jina moja tu la saa za kisasa. Saa ya mishale na saa ya tarakimu ni aina mbili tofauti za usomaji. Aidha, saa ya kamani, saa ya betri na saa ya kwatsi ni tofauti za mwendo, si za uso: Ventura ni saa ya betri na ya mishale, na Astron ni saa ya kwatsi na ya mishale pia. Mfasiri akichanganya makundi haya mawili, maelezo yake yatampotosha mnunuzi na kumdhulumu muuzaji.

Karati mbili

Tatizo jingine linatuhusu sana katika mikoa hii miwili. Neno karati lina maana mbili. Kwa almasi, karati ni uzito, nayo ni sawa na gramu 0.2. Kwa dhahabu, karati ni kipimo cha usafi, ambapo 24 ndiyo dhahabu tupu. Dhahabu ya karati 18 ina dhahabu tupu sehemu tatu katika nne.

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, yaani gramu 10.9. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, na baada ya kuchongwa ilibaki na karati 23.6. Mwaka 1953 tawi la Cartier la London liliitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Tawi hilohilo ndilo lililotoa, mwaka 1967, saa iitwayo Crash, ambayo uso wake umepindwa kana kwamba umeyeyuka, na ambayo sasa inatafutwa mno na wakusanyaji. Mtu akieleza saa ya dhahabu iliyopambwa kwa almasi na kutaja karati bila ya kufafanua, msikilizaji hajui kama anaambiwa habari ya uzito au ya usafi. Twapendekeza kusema karati za uzito na karati za usafi, walau mara ya kwanza katika kila maandishi.

Vilevile si kila saa ya rangi ya dhahabu ni ya dhahabu. Ventura ya kwanza ilikuwa na kasha la dhahabu ya karati 14, lakini Pacer, saa ya kampuni hiyohiyo ya mwaka 1957 na yenye umbo linalokaribia lile, ilivishwa tabaka la dhahabu juu ya madini mengine. Kuna tena saa zilizochovywa dhahabu, ambazo dhahabu yake ni nyembamba zaidi. Dhahabu yenyewe, kuvishwa na kuchovywa ni daraja tatu, na kila moja ina bei yake.

Kuukuu, mtumba, zilipendwa

Limebaki swali la namna ya kuiita saa ya zamani inayothaminiwa. Kuukuu humaanisha iliyochakaa. Mtumba humaanisha iliyokwisha kutumiwa na mwingine, hata kama ni ya mwaka jana. Ya kale hutupeleka mbali mno, kwenye mambo ya mababu. Muziki wetu una neno zilipendwa, kwa nyimbo za zamani ambazo bado zinapendeza. Neno hilo lina joto na linaeleweka na wote, na hatuoni sababu ya kulikataza katika mazungumzo na magazeti: saa za zilipendwa. Katika maandishi ya serikali, kama vile hati za forodha na orodha za makumbusho, yafaa kusema saa ya zamani na kutaja mwaka wake. Kwa zile zenye maumbo ya kubuni wakati ujao, twapendekeza saa za umbo-ujao, istilahi fupi ambayo wasomaji wanaalikwa kuijaribu na kuikosoa.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya yana uzito katika nchi yenye haja nyingi zaidi ya saa. Jibu liko katika historia. Mnamo Januari 1980 bei ya dhahabu duniani ilifikia dola 850 kwa aunsi. Saa nyingi katika nchi mbalimbali zilivuliwa makasha yake siku zile, na makasha yakayeyushwa. Baadhi yake zingeuzwa leo kwa thamani inayoushinda mbali uzito wa dhahabu yake. Mwaka 2019 Geita ilipata soko lake la madini, nalo ni jambo jema kwa wachimbaji. Lakini soko la madini hununua madini. Mjane anayepeleka huko saa ya marehemu mumewe atalipwa haki ya uzito wake, na hakuna atakayekuwa amemwibia. Ila huenda hakuna aliyemwambia alikuwa na kitu gani.

Maneno huenea upesi yanapokuwa na jambo la kubeba. Makinikia, neno lililokuwa likitumiwa na wachache, lilifahamika nchi nzima mwaka 2017, Serikali ilipozuia kusafirishwa nje kwa mchanga wa madini wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ya Kahama. Wananchi walilipokea kwa sababu lilihusu mali yao. Istilahi za saa nazo zinahusu mali, ingawa ni ndogo na imelala katika masanduku ya nyumbani.

Basi tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi walioko Shinyanga, Kahama na Geita wakae na mafundi saa wa miji yao, waandike majina wanayoyatumia kwa kila kiungo, na kuyaleta kwenye Baraza pamoja na maelezo ya matumizi yake. Mafundi hao wanazidi kuwa wachache kadiri saa za kamani zinavyopungua mikononi mwa watu. Ni rahisi zaidi kukusanya maneno yao sasa kuliko kubuni mengine baadaye.